Je, Mtu Huzaliwa Mlevi?

Kijana wa Ugogo akishikwa na pombe, husemwa, "Ndivyo alivyozaliwa." Je, neno hili ni kweli?

Tazameni Esau na Yakobo: tumbo lilikuwa moja, tabia mbili. Wataalamu wa mambo ya nafsi, kama Patricia Conrod wa Kanada, wameona tabia nne zinazoweza kumwelekeza kijana kwenye ulevi. Wa kwanza amekata tamaa. Hunywa apate kusahau. Wa pili ana hofu nyingi. Hunywa moyo wake upate kutulia. Wa tatu hutenda kabla ya kufikiri. Kata ikifika mkononi, amekwisha kunywa. Wa nne hupenda mambo mapya na ya hatari; hunywa aone itakuwaje. Basi mtungi wa pombe ya uwele ni mmoja, lakini kila mtu ameufikia kwa njia yake.

Hapa sisi walimu tumekosa. Twawahubiri wote neno moja, kwamba pombe ni hatari. Mwenye hofu huzidi kuogopa, na apendaye hatari huzidi kutamani.

Walakini kuelekea si kuanguka. Twajua habari za Kondoa. Vilima vyake viliharibiwa na makorongo, hata mwaka 1973 ikaanza kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma. Watu wakapiga matuta na kupanda miti. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa, na majani yakaota tena. Mteremko haukuondolewa; ungaliko. Tabia ni mteremko, ulevi ni korongo. Mtu haulizwi kwa nini alizaliwa na mteremko; huulizwa matuta yake yako wapi.

Serikali ilipopiga marufuku viroba, tarehe 1 Machi 2017, ilikuwa kama kuondoa mifugo: jambo jema. Lakini matuta ni kazi yetu, nayo hayafanani. Aliyekata tamaa ahitaji mwenzi na kazi ya kumpa tumaini. Mwenye hofu afundishwe kuikabili. Mwenye haraka azoezwe kungoja. Mpenda hatari apewe kazi itakayo ushujaa. Huko Kanada na Uingereza, shule zilizowafundisha vijana kila mmoja kwa tabia yake zimeona unywaji ukipungua.

Basi, wazazi na walimu wenzetu, kabla ya kumkaripia kijana yatupasa kumwuliza, "Mwanangu, wanywa kwa sababu gani?" Kisha tunyamaze, tumsikilize.