Mchagua Jembe na Gitaa Jipya



Tangu tulipokuwa watoto tumeisikia methali isemayo, "Mchagua jembe si mkulima." Sisi tuliosimama mbele ya ubao kwa zaidi ya miaka thelathini tumeitumia mara nyingi mno: kwa mtoto aliyesingizia kalamu, kwa mwingine aliyesingizia daftari, na kwa yule aliyedai kwamba maandishi ya ubaoni hayaonekani kutoka mahali alipoketi. Leo twaomba nafasi katika gazeti letu ili tuitazame upya methali hiyo, kwa kuwa mwaka jana tuliitumia vibaya, hapa hapa kanisani petu, tukamwumiza kijana asiye na hatia. Swali letu ni hili: kazi inapoharibika, tutajuaje kwamba kosa ni la chombo au ni la mtendaji? Na je, tuna haki ya kuhukumu kabla hatujajua?

Wengi wenu mwakumbuka jinsi Kwaya ya Vijana ilivyojinyima. Kwa muda wa miezi kumi na minne walilima vibarua katika mashamba ya watu na kuuza maandazi baada ya ibada, hata wakapata fedha za kununua gitaa la umeme. Lililetwa kutoka mjini likiwa katika sanduku lake, halijafunguliwa, jekundu, linang'aa kama kioo. Jumapili ya kwanza likapigwa, na ilikuwa aibu. Mpigaji alipoweka vidole karibu na kichwa cha shingo, sauti zilipatana na kinanda. Lakini kila alipopandisha mkono kuelekea katikati ya shingo, sauti zilipanda kupita kiasi. Waimbaji wakavutwa huku na huku, na wimbo wa pili ukaishia njiani.

Baada ya ibada kijana alisema kwa upole kwamba gitaa lenyewe lina tatizo. Ndipo sisi, mbele ya kwaya yote, tukamjibu kwa methali ile. Tukaongeza kwamba gitaa ni jipya, limetoka sandukuni juzi, basi litakuwaje na kosa? Kisicho kipya, tukasema, ni uvivu wa vijana. Watu wakacheka. Juma lililofuata gitaa likapewa mwingine, na yule kijana hakuonekana tena mazoezini.

Huyo wa pili naye alipiga vile vile, na sauti zikapotoka pale pale. Hapo tukakumbuka jambo tulilofundishwa chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu mmoja alituonya kwamba mtoto mmoja akikosea, mtazame mtoto. Lakini watoto wote wakikosea swali lile lile, litazame swali. Tulikuwa tumelifuata onyo hilo miaka yote darasani, na siku ya kulihitaji kanisani tukalisahau.

Tukamwendea fundi mmoja aliyewahi kupiga gitaa katika bendi ya dansi, na ambaye sasa hutengeneza redio na amplifaya. Alilishika gitaa, akaifumba jicho moja na kuitazama shingo kwa urefu wake, kama seremala anavyoutazama ubao. Kisha akatueleza, nasi twawaeleza ninyi, maana jambo lenyewe ni elimu.

Uzi wa gitaa la namna hii una urefu wa milimeta 648 hivi. Nusu yake ni milimeta 324, na hapo ndipo palipo na freti ya 12, yaani kile kijichuma cha kumi na mbili kilicholala kukata shingo. Uzi ukikandamizwa hapo hutoa sauti ile ile ya uzi mtupu, ila juu zaidi, kama do ya chini na do ya juu. Lakini kidole kinapoukandamiza uzi huuvuta kidogo, na uzi ukivutwa sauti hupanda. Kwa hiyo darajani huwekwa viti vidogo vya chuma, ambavyo husogezwa kwa bisibisi ili uzi urefuke kidogo na kufidia kile kilichozidi. Viti vya gitaa letu vilikuwa vimesimama mstari mmoja kama askari wa gwaride, dalili kwamba hakuna mkono uliovigusa tangu vilipofungwa kiwandani.

Tena shingo ilikuwa imepinda kuelekea mbele, kwa kuwa nyuzi sita zikikazwa huivuta kwa nguvu inayozidi kilo 40. Mti nao hutanuka penye unyevu na kusinyaa penye ukavu, na gitaa lililofungwa nchi moja na kusafirishwa baharini hadi nchi nyingine haliwezi kufika kama lilivyoondoka. Kwa ajili hiyo ndani ya shingo hutiwa fimbo ya chuma inayoweza kukazwa au kulegezwa. Thaddeus McHugh, mfanyakazi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, ndiye aliyepewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1923. Ya kwetu haikuwa imekazwa inavyopasa. Nyuzi zilikaa milimeta 4 juu ya freti ya 12, ambapo 2 zingetosha; na kadiri uzi ulivyo juu, ndivyo kidole kinavyouvuta zaidi, na ndivyo sauti inavyozidi kupotoka. Kumbe kijana wetu alikuwa akiweka kidole mahali panapostahili kabisa!

Fundi akaikaza fimbo robo mzunguko, akashusha viti, kisha akavisogeza kimoja kimoja huku akisikiliza. Kazi ilichukua kama saa mbili, na gitaa likaanza kusema kweli. Likabaki kosa moja. Freti ya 14 ilikuwa imeinuka upande mmoja kama msumari usiogongwa vizuri, hata uzi ukikandamizwa kwenye freti ya 13 uliigusa ya 14 ukalia kwa mkwaruzo. Fundi akasema, "Mwalimu, yale mengine yalikuwa kazi isiyomalizika. Hili ni kosa la mtengenezaji."

Maneno hayo ya fundi yalitufikirisha sana, na ndiyo yanayotupa jibu la swali letu. Turudi kwenye jembe la methali. Mtu akinunua jembe jipya dukani, aghalabu huuziwa bamba la chuma tu, halina mpini. Hakuna mkulima anayerudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa jembe bovu. Hukata mti, akauchonga, akaupachika, akaujaribu. Hapo ndipo jembe linapokuwa jembe. Lakini bamba likiwa na ufa, hilo si kazi ya mpini, na mkulima ana haki ya kulirudisha. Tena jembe liwe zima namna gani, bado ni zito na jua ni kali. Jasho si kosa la jembe wala la muuzaji.

Basi kuna mambo matatu ambayo kwa macho ya haraka hufanana. La kwanza ni asili ya kitu. Hata gitaa lililotengenezwa vizuri kabisa halipatani kikamilifu, kwa sababu hatua kumi na mbili kati ya do na do hugawanywa sawasawa ili liweze kupigwa katika kila ufunguo. Na kwa mgawanyo huo mi yake hukaa juu kidogo ya mi safi ambayo kwaya huiimba isipokuwa na ala, kiasi cha sehemu moja ya saba ya nusu-hatua ya sauti. Jambo kama hili lataka uvumilivu. La pili ni kazi isiyomalizika, na hiyo yataka mikono. La tatu ni kosa la kweli, nalo lataka kusemwa wazi kwa aliyelifanya. Anayevumilia kosa la kweli ni mzembe. Anayeilalamikia asili ni mtoto. Na anayekiita kibovu kitu ambacho hakijamaliziwa ni mwonevu.

Methali yetu, basi, si ya uongo. Wapo kweli wanaochagua majembe ili wasilime. Lakini methali humhusu mtu aliyekwisha pewa jembe lenye mpini. Kumpa mtu bamba tupu na kumwita mvivu si hekima ya wazee, ni dhuluma iliyovikwa hekima ya wazee.

Hebu tutoe mfano wa mtu aliyelijua jambo hili. Leo Fender, Mmarekani wa California, alikuwa fundi wa redio, na hakujifunza kupiga gitaa maisha yake yote. Hata hivyo magitaa yake ya umeme yalienea ulimwenguni kuanzia mwaka 1950. Kwa kuwa hakuweza kuyapiga, alilazimika kuwapa wanamuziki na kusikiliza lawama zao. Magitaa yake ya kwanza yalikuwa na viti vitatu tu darajani, nyuzi mbili zikikaa kiti kimoja, hata ukiusawazisha mmoja mwenzake huenda akapotoka. Mwaka 1954 alitoa gitaa la Stratocaster, na humo kila uzi ulipewa kiti chake. Yeye ndiye aliyekuwa na jina na kiwanda, lakini alikubali kwamba mpigaji anaweza kujua kasoro asiyoijua mwenye kiwanda. Sisi wazee tulikuwa na benchi la mbele tu, nasi hatukukubali.

Sasa twaja kwa muuzaji. Tulipokutana kushauriana, mmoja wetu alipendekeza gitaa lirudishwe, tudai fedha zote kwa kusema kwamba lote ni bovu, na tusitaje kwamba fundi amekwisha kuligusa. Fedha zile zilikuwa jasho la vijana, na shauri hilo lilitutamanisha, hatufichi. Lakini katika Mithali, sura ya 20, yumo mnunuzi anayekisema vibaya kitu mbele ya muuzaji na kujisifu akiisha kuondoka naye. Hatukutaka kuwa ndugu zake. Hata sheria inatambua pande zote mbili. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo ilikuwa kielelezo cha sheria za mauzo katika nchi zetu, ilimtaka mfanya biashara auze kitu kinachofaa kuuzwa. Lakini mnunuzi aliyekikagua kitu hakuweza kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Nasi tulikuwa tumechukua sanduku bila hata kulifungua.

Tukaenda dukani, tukamweleza mwenye duka yote bila kupunguza. Akatujibu, "Mwalimu, kitu chenyewe ni kipya, kitakuwaje na kosa?" Wapenzi, tulisikia maneno yetu wenyewe yakiturudia, na masikio yakawaka moto. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Upya hautuambii kama kitu ni kizima. Watuambia tu kwamba hakuna aliyekijaribu bado. Tulipomwonyesha freti iliyoinuka alikubali, akalipa gharama ya kuitengeneza. Ya kupanga shingo na viti hakulipa, nasi hatukumlazimisha. Bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu saa zile za mikono ya fundi hazikuwamo ndani yake. Ila tulimwambia kwamba angalitenda haki kama angalituambia mapema, "Hili bado halijapangwa, lipelekeni kwa fundi." Kunyamaza kwake hakukuwa uongo, lakini anayejua kwamba mwenziwe hajui ana deni la neno moja.

Limebaki deni letu sisi. Tulikwenda nyumbani kwa yule kijana, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Alitupokea kwa heshima, akasema, "Yamekwisha, Mwalimu." Mama yake akatukaribisha chai. Lakini tulipokuwa tukirudi, moyo haukutulia, maana tulimshtaki mbele ya watu arobaini na kumwomba radhi mbele ya mmoja. Lawama yetu ilikuwa ya hadhara na toba yetu ilikuwa ya sebuleni. Je, hayo yalingana? Mtoto aliyechekwa darasani hatibiwi kwa neno la nje ya mlango. Mwalimu yeyote alijua hilo, hata asipolitenda.

Kwa sababu hiyo twaandika katika gazeti hili linalosomwa na wote. Jina lake hatulitaji, naye alituomba tusilitaje. Waliokuwapo siku ile wanamjua. Kwao twasema: kijana yule alisema kweli, na sisi tulisema lisilo kweli, tena kwa sauti kubwa. Amerudi kwaya tangu mwezi wa tatu. Hatudai kwamba alirudi kwa ajili ya maneno yetu. Yamkini alirudi kwa ajili ya muziki.

Nanyi wazazi na wazee wenzetu, mtoto akiwaambia kwamba chombo alichopewa kina tatizo, msianze na methali. Kishikeni chombo wenyewe, kifumbieni jicho moja mkitazame kwa urefu wake. Mkikikuta kizima, methali bado ipo, haitaoza kwa kungoja.

Mwalimu Mstaafu