Fizikia ya Mpemba

Somo: Ayubu 32

Elihu alikuwa mdogo kuliko wote waliokaa na Ayubu. Aliwaacha wazee waseme mpaka wakaishiwa maneno, ndipo naye akasema: umri peke yake haumpi mtu akili, bali pumzi ya Mwenyezi.

Wiki hii somo hili limenikumbusha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania. Kwa kuogopa kuikosa, akayaingiza maziwa yake yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake hakuyachemsha kabisa. Alipouliza sababu, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, katika shule ya Mkwawa, mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Darasa likapata utani.

Mkwawa iko Iringa, mji ambao malori yetu ya hapa mpakani Tunduma huupita kila siku yakielekea Dar es Salaam. Huko ndiko alikofika Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, Mpemba akasimama na swali lile lile mbele ya wenzake wanaocheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, jambo likapimwa maabara, na mwaka 1969 wakaandika pamoja, majina yote mawili. Mimi humsifu Osborne kuliko friji.

Kama maji ya moto kweli huganda upesi kuliko ya baridi, wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walisema hawakuona ushahidi wa maana. Lakini mwaka 2024 wanafizikia wa Innsbruck, Austria, pamoja na wenzao wa Italia na Ufaransa, walizipanga ioni 12 za kalsiamu, wakaona hali iliyovurugwa zaidi ikirudia ulinganifu wake upesi kuliko iliyovurugwa kidogo. Katika fizikia ya kwanta, tabia hiyo wanaiita kwa jina la Mpemba.

Watoto wetu wa Tunduma huongea Kinyamwanga nyumbani, Kiswahili shuleni na Kibemba wakivuka mpaka kwenda Nakonde. Maswali wanayo tele. Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, darasa la kipaimara litakaa viti vya mbele na kuuliza chochote. Wazee wa kanisa watajibu wanachokijua. Wasichokijua kitaandikwa daftarini, tukitafute pamoja na watoto. Mzee atakayecheka swali, soda za darasa zima ni juu yake.