Punda wa Mtu Anayekuchukia

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kuna amri ndogo ambayo wahubiri huipita haraka, maana imekaa katikati ya sheria za mashahidi na rushwa. Ukikuta ng'ombe au punda wa adui yako amepotea, mrudishie mwenyewe. Ukimwona punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo, usipite na njia yako. Shirikiana na huyo mtu mumwinue. Torati hapo haiulizi nani alianza ugomvi, wala haisemi kwanza moyo ulainike. Mnyama yuko chini, mzigo umemwelemea, na wewe una mikono miwili.

Ndugu yangu katika Kristo, naanzia hapo kwa sababu wengi wetu tukisikia agizo la Yesu la kuwapenda adui, tunakimbilia kuuchungulia moyo. Tukikuta uchungu bado umejaa, tunasema hayo ni ya watakatifu. Lakini soma Luka 6 taratibu. Bwana alipotaja upendo huo, alitaja papo hapo mambo ya kufanya: kuwatendea mema wanaokuchukia, kuwabariki wanaokulaani, kuwaombea wanaokuonea. Hayo yote yanafanywa na mtu ambaye bado ana kidonda.

Na adui mwenyewe ni nani? Mara nyingi ni mtu wa karibu. Ni mama mkwe asiyeridhika na chochote upikacho, shemeji aliyekopa na sasa anakukwepa, mwanakwaya anayekukosoa mbele ya watu, mzee wa kanisa anayefufua ugomvi wa zamani katika kila kikao. Watu hawa hatuwezi kuwahama. Tutakutana nao Jumapili, tutakutana nao kwenye harusi, na msibani tutakaa nao mkeka mmoja.

Msibani hasa. Nilimwona mama mmoja, ambaye mwenzake wa jumuiya alikuwa amemtukana hadharani juu ya michango. Yule mwenye ulimi mkali alipofiwa na mumewe, wengi walijivuta kwenda. Huyu alifika alfajiri, akafunga kanga kiunoni, akakaa kwenye beseni la vitunguu. Mfiwa alipotoka ndani na kumwona, neno la kwanza alilosema ni kwamba vile vitunguu vimekatwa vinene. Wote tuliokuwa pale tulinyamaza tukisubiri. Yule mama akajibu, "Sawa dada, nitavipunguza," akaendelea kukata, vyembamba zaidi. Sijui moyoni mwake kulikuwa na nini asubuhi ile. Najua chakula kilipikwa na waombolezaji wakala.

Basi anza na salamu. Kununiana ni dhambi tunayoihesabu kuwa ndogo, kumbe nyumba nzima inaweza kufa kwa baridi hiyo. Kama ni mkubwa wako, mpe shikamoo hata kama jana hakuitikia, na kesho mpe tena. Halafu umwombee, lakini si kwa sala ya kumshitaki mbele za Mungu. Taja haja zake: sukari inayomsumbua, ada ya mwanawe, kibanda chake kilichovunjwa. Ni vigumu kumtaja mtu hivyo kila usiku ukaendelea kumwona kama ulimi mtupu.

La tatu ni zito zaidi. Mathayo 18 inaagiza kwamba ndugu akikukosea, uende kwake, wewe na yeye peke yenu. Sisi tunaanza na kila mtu isipokuwa yeye. Tunaandika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya kwamba tumkumbuke fulani kwa maombi, nyumbani kwake mambo si mazuri, na kabla ya jioni kila mtu ameshajua mambo hayo ni yapi. Huko ni kumsengenya ndugu kwa kisingizio cha sala, na mimi naona ni uovu mkubwa kuliko tusi la ana kwa ana, kwa sababu aliyetukanwa usoni anaweza angalau kujibu.

Sasa kuna jambo ambalo lisiposemwa, nasaha hizi zitawaumiza watu. Kumpenda mtu mgumu si kukaa chini ya ngumi yake. Daudi alimkuta Sauli pangoni En-gedi, akakata pindo la vazi lake na kumwacha hai. Sauli akalia, Daudi akamwapia. Kisha Sauli akarudi nyumbani kwake, naye Daudi akapanda ngomeni. Hakumfuata. Mke anayepigwa, mtoto anayeteswa, akimbilie mahali salama, na kanisa limsaidie kufika huko badala ya kumrudisha kwa jina la uvumilivu.

Nchini Uganda tunaye shahidi wa karibu. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye zamani alikuwa mwalimu Dodoma, alikuwa miongoni mwa maaskofu wa Kianglikana waliomwandikia Idi Amin mapema mwaka 1977 kupinga maovu ya askari wake. Tarehe 16 Februari mwaka huohuo Askofu Mkuu wao, Janani Luwum, akauawa. Kivengere na mkewe Mera walitoroka usiku kwa miguu, milimani, hadi Rwanda. Mwaka uleule akatoa kitabu alichokiita kwa jina la kushtua: "I Love Idi Amin", yaani nampenda Idi Amin. Alieleza kwamba chuki ilikuwa ikimla, mpaka akiwa kanisani London, Ijumaa Kuu, akakabiliwa na sala ya Yesu msalabani kwa waliomsulubisha. Alisamehe, wala hakukanusha barua ile. Alirudi Uganda baada ya Amin kuondolewa mwaka 1979. Alisema kweli, akakaa mbali, akapenda. Na hakuona kwamba moja linavunja jingine.

Wako pia wale ambao hakuna aliye mwovu kati yenu, ila hamuwezani. Paulo na Barnaba walitofautiana vikali juu ya Yohana Marko, aliyewaacha njiani Pamfilia, hata wakatengana. Paulo hakutaka kwenda naye tena. Barnaba akamchukua wakapanda chombo kwenda Kipro. Baadaye sana, Paulo akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Kwa hiyo ukiona huwezi kufanya kazi na mtu, mwachie mwenzako awe naye, na usimsimulie mwenzako huyo makosa yote ya zamani kabla hawajaanza.