Je, Kukata Habari ni Kusema Uongo?

Hapa Horohoro, penye njia kuu itokayo Tanga kwenda Mombasa, watu na habari huvuka mpaka kila siku. Msingi wa mpaka huu uliwekwa na Waingereza na Wadachi katika mapatano yao ya mwaka 1886, na Wadigo wakaachwa huku na huku. Hata leo mtu wa Horohoro aweza kuwa na shangazi Lunga Lunga, na wa Lunga Lunga akawa na mkwe upande wetu. Basi habari ya arusi, au ya ugonjwa, au ya mke aliyerudi kwao, huanza ndefu upande mmoja ikafika fupi upande wa pili. Maneno mia huwa kumi, na kumi huwa matatu: "Fulani kamkimbia mumewe." Wala hapana aliyetunga neno, kila mmoja amepunguza tu. Twauliza: mwenye kupunguza hivi, amesema kweli au amesema uongo?

Swali hili laonekana wazi katika sinema, maana huko urefu wa habari hupimwa kwa dakika. Mwaka 1986 Mfaransa Jean-Jacques Beineix alitoa sinema ya mapenzi iitwayo 37°2 le matin, iliyotokana na kitabu cha Philippe Djian cha mwaka 1985. Watu wa nchi nyingine waliijua kwa jina la Betty Blue. Ilichukua muda wa saa mbili. Miaka mitano baadaye, mwaka 1991, Beineix aliitoa tena akairudishia yale yaliyoachwa, ikawa saa tatu na zaidi. Katika zote mbili matendo makuu ni yale yale: kijana Zorg afanyaye kazi za mikono na kuandika kwa siri, mwanamke Betty ampendaye na kuyathamini maandiko yake kuliko yeye mwenyewe, hasira za Betty, hata akachoma nyumba moto, tumaini la mtoto lililokatika, kisha akili yake kuharibika, akajitoboa jicho. Mwisho Zorg amkuta hospitalini hajitambui, akamziba pumzi kwa mto hata akafa.

Aliyetazama ile fupi hakudanganywa katika tendo lo lote. Lakini aliyetazama ile ndefu amekaa na watu wale saa moja zaidi, katika siku zao za kawaida, kati ya tendo na tendo. Wa kwanza aweza kutoka akisema, "Mwanamke yule alikuwa mwenda wazimu." Wa pili hasemi hivyo upesi.

Na kwetu pwani tunalo jambo lililo karibu na hilo. Adam Shafi wa Unguja aliandika kitabu Vuta N'kuvute, nacho Amil Shivji akakifanya sinema, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Kitabu ni kirefu, na sinema ni ya saa moja na nusu hivi. Bila shaka mengi hayakuweza kuingia. Walakini tulitazame jambo la Yasmin aliye ndani yake. Kwa maneno matatu, habari yake ni ile ile ya mpakani: alimkimbia mumewe. Maneno hayo ni kweli. Lakini ongeza kwamba alikuwa binti mdogo, aliyeozwa mtu mzima aliyempita mbali kwa umri. Ongeza kwamba aliporudi kwa jamaa zake hawakumpokea, akapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma. Tendo halikubadilika, ila sasa twaona kwamba wako na wengine wa kuulizwa, si Yasmin peke yake.

Basi tusiseme kwamba kila kukata ni uongo. Hapana mtu awezaye kusimulia yote. Mwenye kuandaa samaki hupaa magamba na kutoa matumbo, wala hatumwiti mwizi. Lakini akikata mnofu akaubakiza jikoni, kisha akatuletea kichwa na mkia na kusema, "Samaki ndiye huyu," hapo ametudhulumu, ingawa kichwa ni cha samaki yule yule. Vivyo hivyo na habari. Ukiacha lile lisilogeuza hukumu, umefupisha. Ukiacha lile ambalo msikilizaji angelijua asingemhukumu mtu vile, umemshuhudia uongo, japo kila neno lako ni la kweli.

Hata hivyo yatupasa kujihadhari upande wa pili. Wako wasemao kwamba ukijua yote huwezi kumlaumu mtu. Hatukubali. Saa ile moja aliyoiongeza Beineix haimfufui Betty. Zorg alimpenda, na alimwua; urefu wa habari hauliondoi la pili. Watufundisha kumhurumia, nasi twaweza kumhurumia mtu bila kuliita jema alilolitenda. Tena tukumbuke kwamba aliyeirefusha sinema ni mwenye sinema mwenyewe, na wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Mtu mwenye kosa naye hupenda kurefusha: ataeleza njaa, na deni, na maneno ya jirani, hata wasikilizaji wasahau kwamba mbuzi aliibiwa. Ufupi waweza kumficha mtu, na urefu waweza kulificha tendo.

Kwa hiyo wazee wa usharika na walimu, wanaoletewa habari za nyumba za watu, wasihesabu maneno, bali waulize mambo matatu: Nani aliyeikata habari hii? Aliacha nini? Na hilo lililoachwa, lingegeuza hukumu? Mara nyingi jibu liko karibu, kwa mwanamke mwenyewe ambaye hapana aliyemwita barazani, au kwa shangazi yake ng'ambo ya mpaka, mwendo mfupi tu. Mwendo huo na tuuende kabla ya kusema neno. Na pale tusipoweza kuipata habari nzima, tuseme tulilo nalo ni kipande, wala tusimtenge mtu kwa kipande.