Imeandikwa, Lakini Nani Alipe?

Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alipofariki usiku wa kuamkia Jumamosi ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 2012, sisi wa Mahuta, wilaya ya Tandahimba, tulitoa hukumu mbili zisizoweza kukaa nyumba moja. Juu ya Kanumba tulisema kazi ya Mungu haina makosa, siku yake imefika. Juu ya mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael, binti tunayemwita Lulu, aliyekuwa naye nyumbani kwake Sinza usiku ule, watu walisema ameua, ana laana. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha video, na hukumu zote mbili zilitoka kwenye benchi lilelile, mara nyingine kinywani mwa mtu yuleyule. Kama siku ya marehemu ilikwisha andikwa, binti kosa lake nini? Na kama kosa ni la binti, kilichoandikwa ni kipi? Swali hilo limenikaa kichwani kuliko filamu yoyote niliyopata kuionyesha.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha fito na mabati, magunia madirishani kuzuia mwanga, jenereta nyuma, kiingilio shilingi 200. Mchana tuliweka picha za vita, usiku Bongo Movie. Msimu wa korosho hapakuwa na pa kukanyaga. Fedha zikiisha, watoto walihamia kwenye matundu ya ukuta na mimi nilijifanya siwaoni. Kanumba tulimjua tangu filamu ya Dar to Lagos. Lulu tulimjua kabla hajavunja ungo, maana aliingia kundi la Kaole Sanaa akiwa na miaka kama mitano, na wenye televisheni walimwona kwenye michezo ya ITV. Alikua mbele ya macho yetu, na mtoto aliyekua mbele ya macho yako unadhani una sauti juu yake.

Alipoanza kupewa nafasi za msichana mjuaji, asiyesikia la mkubwa, akina mama wa benchi la nyuma waliguna. Hapo ndipo nilipostaajabu, kwa sababu sisi Wamakonde ni watu wa mapiko. Kijana akishavaa sura ya mti akatoka kucheza, hakuna mwenye adabu anayesema fulani ni mzee au fulani ni jini. Kilichocheza ni mapiko, na kijana kesho yake utamkuta shambani anapalilia. Lakini mwigizaji wa filamu anacheza kwa uso wake mwenyewe. Hana cha kuvua. Kwa hiyo Lulu alipofikishwa mahakamani Kisutu kwa shtaka la mauaji, wengi hawakuhitaji ushahidi. Walisema si tumemwona alivyo? Walichokiona ni nafasi aliyopewa na mwandishi wa hadithi, akalipwa kuicheza vizuri.

Tena alikuwa mtoto. Mawakili wake walisimama kubishania umri, wakisema hajatimiza miaka 18. Akakaa mahabusu Segerea miezi na miezi, hadi shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, na Januari 2013 akapata dhamana.

Bila kukusudia. Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka kwa shemeji yangu, ambaye anasomesha madrasa na alikuwa hakipendi kibanda changu hata kidogo. Nilimuuliza: "Shehe, kama hakukusudia, na siku ya mtu haitangulii wala haichelewi, kesi ya nini?"

"Shemeji," akaniambia, "wewe unataka kadari iwe wakili."

Akanikalisha barazani. Alieleza kwamba ugomvi huu ni wa zamani sana katika Uislamu. Walikuwapo waliosema mja ni kama unyoya, halaumiwi kwa lolote. Walikuwapo waliosema mja anaunda matendo yake mwenyewe, Mungu kando. Imamu Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki katika karne ya 10, alipita katikati: tendo huumbwa na Mungu, lakini mja hulichuma, na alichokichuma ni chake. Nilimwambia nimesikia ila sijaelewa. Akacheka, akasema hata wanazuoni walitaniana juu ya jambo hilo. Basi akanipa kisa cha Khalifa Umar, aliyefika mpakani mwa Sham akaambiwa ndani kuna tauni, akageuza msafara. Aliulizwa kama anakimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwa maana kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika nyingine. Hapo nilielewa. Kadari haikumzuia Umar kutumia akili yake, wala haikumpunguzia jukumu juu ya watu aliowaongoza.

Kisha akanifungulia Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, inayozungumzia anayeua kwa makosa. Nilitarajia niambiwe huyo hana hatia, kwa kuwa nia haikuwapo na matendo hupimwa kwa nia. Sivyo. Anatakiwa kumwacha huru mtumwa na kulipa fidia kwa watu wa marehemu, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Hakukusudia, na bado anadaiwa. Lakini angalia nani anayedai. Fidia ni ya jamaa wa marehemu, na aya inawapa wao ruhusa ya kusamehe. Haiwapi majirani, haiwapi wenye vibanda vya video. Marehemu mjomba wangu, ambaye kusoma hakujua, alikuwa akitueleza jambo la jinsi hiyo kuhusu wazee wa uwanda huu: damu ikimwagika kwa bahati mbaya, wajomba wa pande mbili hukaa, na mpita njia hakaribishwi kwenye mkeka.

Najua Lulu ni Mkristo na Kanumba alikuwa Mkristo. Aya hiyo si sheria ya nyumba zao, wala si sheria ya Jamhuri. Naileta kwa sababu imenipa namna ya kuutazama mwaka 2014, ambao naona hatukuutazama ipasavyo.

Mwaka 2013 Lulu alirudi na filamu yake Foolish Age, na watu wakasema amefufuka. Mwaka uliofuata ikatoka Mapenzi ya Mungu. Ndani yake yumo Lulu, yumo mwimbaji Linah Sanga, na yumo Flora Mtegoa, mama mzazi wa Steven Kanumba. Kesi bado iko Mahakama Kuu, haijasikilizwa. Mama wa marehemu na binti anayeshtakiwa kwa kifo cha mwanawe wanaigiza filamu moja, yenye jina hilo. Niliionyesha kibandani na kelele zilizidi jenereta. Wengine walisema ni biashara tu. Huenda biashara ilikuwamo, filamu haziungwi kwa sala. Lakini mimi sijapata kuona mahali popote, msikitini wala kanisani, mtu akiketi karibu kiasi kile na mtu aliye na sababu kubwa ya kumkimbia. Mwaka 2016, Lagos, filamu hiyo ikapata tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki katika tuzo za Africa Magic.

Basi wale waliosema laana wakabadili neno, wakasema baraka. Mungu amemnyanyua. Hawakukaa nalo sana. Tarehe 13 Novemba 2017, Jaji Sam Rumanyika wa Mahakama Kuu Dar es Salaam alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akampa kifungo cha miaka miwili, katika kosa ambalo sheria inaruhusu hadi kifungo cha maisha. Laana ikarudi midomoni. Aprili 2018 msamaha wa Rais siku ya Muungano ukapunguza adhabu, Mei akatolewa kumalizia kifungo cha nje kwa kuitumikia jamii, na baraka ikarudi. Ukifuata hesabu hii, Mungu alibadili rai juu ya binti mmoja kila magazeti yalipobadili kichwa cha habari.

Hapo ndipo ninapogombana na watu wa kwetu, na nina sababu ya karibu. Kifungo cha Lulu kilimalizika Novemba 2018. Mwezi huo sisi Tandahimba tulikuwa na korosho zimelala ghalani. Msimu wa nyuma kilo ilikuwa imevuka shilingi 4,000, watu wakapaua bati na kununua pikipiki. Oktoba 2018 mnada ukaleta bei za chini ya 3,000, wakulima wa hapa na wa Newala wakakataa kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua yote kwa 3,300 na jeshi litasomba. Tulizungumza usiku na mchana juu ya wanunuzi, juu ya soko la India, juu ya vyama vya msingi, juu ya malipo yaliyochelewa. Sikumsikia mtu hata mmoja akisema wilaya nzima imelaaniwa. Kwa anguko letu tulitafuta sababu. Kwa anguko la binti wa watu tulitafuta dhambi.

Marafiki wa Nabii Ayubu walifanya hivyohivyo. Biblia inaeleza walivyomkalia karibu na majivu wakimshawishi akiri kosa, kwa kuwa kwao aliyepoteza mali na watoto lazima ana kosa, na mwishowe Mungu aliwakasirikia wao. Shemeji yangu anasema kwetu Ayubu anatajwa zaidi kwa subira yake. Sawa, lakini mimi hao marafiki nawajua, nimewauzia tiketi.

Swali langu la kwanza nimelipatia jibu la kunitosha mimi. Siku ya Kanumba iliandikwa. Hilo ni imani yangu na sitalijadili mahakamani. Mkono uliokuwa chumbani ulikuwa wa mtu, na mtu huyo amepita mbele ya jaji, ameingia gerezani, ametoka, amemaliza. Imani ya kwanza haifuti hukumu ya pili. Kupanda na kushuka kwake katika kazi ni mambo ya soko, ya mahakama, ya kipaji na ya watazamaji vigeugeu. Kuyasoma kama barua za Mungu ni kumsingizia Mungu. Kama lipo deni lililobaki, hilo ni la mama Flora na jamaa zake kulisamehe au kulishika.

Lulu aliolewa mwaka 2021 na anaendelea na maisha yake. Anayemwita muuaji hadi leo atuambie anamdai kwa niaba ya nani.