Ulizeni Kinachotetema

Wanangu wa Ekero mnaojiandaa kwa mashindano ya muziki, nimesikia mkigawa ala mafungu mawili: za kienyeji na za kisasa. Mgawanyo huo acheni. Unawaambia ala imetoka kwa nani, hauwaambii inaliaje. Mkishika ala yoyote ulizeni hivi: ni nini kinachotetema hapa hata sauti ikatoka?

Mwaka 1914 Erich von Hornbostel na Curt Sachs walichapisha huko Ujerumani mpangilio uliojengwa juu ya swali hilo. Wakapata jamaa nne: ala ambazo mwili wake wenyewe ndio unaolia, kama njuga na kayamba, ala za ngozi, ala za nyuzi, na ala za kupuliza. Zile za umeme, kama kile kinanda cha kanisani, Sachs alizitengea jamaa yake mwaka 1940.

Sasa tazameni Isukuti ya ndugu zetu Waisukha na Waidakho. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Pembe ya paa inapulizwa, na njuga za chuma zinachacharika. Tayari mna jamaa tatu uwanjani. Mkiongeza shiriri mmepata ya nne. Shiriri huwachanganya wengi kwa sababu imewambwa ngozi, lakini ngozi ile haipigwi. Upinde unasugua uzi, uzi unatetema, ngozi inapokea na kuikuza sauti. Basi ni ya nyuzi, pamoja na litungu la Wabukusu, nyatiti ya Wajaluo na gitaa.

Wala msidanganywe na kilichotumika kuiunda. Siwa ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ni ya pembe za ndovu, na zote mbili hulia kwa midomo ya mpulizaji inayotetema, sawa na ile pembe ya paa. Ni ndugu wa tarumbeta.

Mkitaka kuhakikisha, chukueni chupa ya soda, ile ile iliyogongwa kuandamana na gitaa la omutibo, mtindo uliopata sifa kwa George Mukabi wa Kisa. Igongeni ikiwa tupu, kisha tieni maji kidogo kidogo mkiendelea kugonga. Sauti itashuka, maana kioo ndicho kinachotetema na maji yanakilemea. Halafu pulizeni mdomoni mwake mkiongeza maji vivyo hivyo. Safari hii sauti itapanda, kwa kuwa kinachotetema ni hewa, na nafasi ya hewa inapungua. Chupa ni moja, jamaa ni mbili! Mimi sijui somo la muziki linalofundisha zaidi ya hilo kwa gharama ndogo hivyo.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka Isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wengi wa wenye ujuzi ni wazee na warithi ni haba. Kwa hiyo msiishie kwenye daftari. Mtafuteni mzee anayeunda shiriri au anayewamba ngoma, mkae naye, mumwombe awaonyeshe anavyokaza uzi na anavyovuta ngozi. Nendeni likizo hii.