Masurufu ya Paka Mkongwe

Paka akifika umri wa miaka 15 au zaidi, hutokea akasimama akiukabili ukuta wa nyumba aliyoizoea tangu uchanga wake, asijue mlango u wapi. Akasahau mahali pa haja. Akalia usiku wa manane kilio kisicho cha njaa. Na akiguswa na mkono uliomlea, akashtuka kama aguswaye na mgeni. Madaktari wa wanyama wanasema kuwa ubongo wake huchakaa kwa namna inayofanana na ule wa binadamu aliyepotewa na kumbukumbu uzeeni. Hapo huzuka suala ambalo nalihesabu kuwa la dini hasa, si la huruma peke yake: kiumbe asiyekamata tena panya, asiyetutambua wala kutushukuru, ana haki gani juu yetu?

Sheikh Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki Cairo mwaka 1262, alipozitaja haki za mnyama katika Qawaid al-Ahkam alitanguliza masurufu, na papo hapo akabainisha kwamba hayakatiki ijapokuwa mnyama amelemaa, au anaugua hata hatarajiwi tena kuleta manufaa. Hukumu hiyo yapatana na jambo ajualo kila aliyepita chuoni: mwenye kuondokewa na akili hutuliwa mzigo wa sala na saumu, lakini hakuna aliyepata kufundisha kwamba haki yake ya chakula huondoka pamoja na akili, seuze paka, ambaye wajibu haukumlemea hata siku moja.

Wapo wamtiao paka wa namna hiyo kapuni wakaenda kumwacha sokoni, wakijipa moyo kwamba riziki ni ya Mungu. Udhuru huo hausimami. Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka inamlaumu kwa mambo mawili yaliyofungamana: hakumlisha, wala hakumfungulia ajitafutie wadudu wa ardhi, na asiyeijua tena njia ya nyumbani hawezi kujitafutia kitu, basi mlango wa pili umekwisha fungwa na maradhi, ukabaki ule wa kwanza tu, ambao ufunguo wake anao mwenye nyumba.

Na kumtimizia paka huyo haki yake ni hivi: kwanza apelekwe kwa daktari, kwa sababu kilio cha usiku mara nyingine hutokana na shinikizo la damu, figo au tezi ya shingo, na kumnyima mgonjwa dawa kwa kuyaita maradhi yake uzee ni dhuluma. Kisha maji na sanduku la mchanga viwekwe karibu na alalapo, vyombo vya nyumba visihamishwehamishwe, taa ndogo iachwe ikiwaka usiku, na uchafu wake ufutwe bila kiboko wala makaripio, kwa kuwa hajui alichokifanya.